Puck, Judge, Life au MAD: Ulinganisho kwa Anayeanza Kukusanya Majarida ya Zamani ya Vichekesho ya Marekani

Anayeamua kukusanya majarida ya zamani ya vichekesho ya Marekani hupata shida ya kuchagua kabla ya shida ya kupata. Minadani na kwa wauza vitabu vikuukuu kuna marundo ya karatasi za karne nzima, na majina manne hujitokeza kila mara: Puck, Judge, Life na MAD. La tatu lisichanganywe na Life ya picha za kamera iliyoanza Novemba 1936. Ninayoizungumzia hapa ni Life ya vichekesho iliyozaliwa mwaka 1883, ambayo jina lake lilinunuliwa na mchapishaji Henry Luce ili alitumie kwa jarida lake jipya.

Msimamo wangu niuseme mapema. Jina lililo juu ya jalada ni mwongozo dhaifu wa ukusanyaji, kwa sababu wachoraji walihama. Aliyechora Puck mwaka 1884 aliweza kuwa Judge mwaka 1886, na mhariri aliyeacha jarida moja aliweza kuanzisha jingine lililoliua la kwanza. Kwa hiyo ni afadhali kuamua kwanza unachotaka kukifuata, awe mchoraji fulani, mbinu ya uchapaji, mada ya kisiasa, au hamu tu ya kuwa na namba zote bila pengo, kisha ndipo uangalie ni jarida lipi linalokupa kitu hicho.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vinne. Cha kwanza ni wachoraji na namna michoro yao ilivyochapwa, kwa kuwa mbinu ya uchapaji ndiyo iliyoamua katuni ionekane vipi na mchoro wa asili ubaki au upotee. Cha pili ni karatasi na hali ya nakala, maana karatasi ya miaka mia moja na zaidi ina tabia zake. Cha tatu ni upatikanaji, na hapa bei nitaigusa kwa kulinganisha tu, kwani toleo lilelile likiwa katika hali mbili tofauti linaweza kuuzwa kwa bei zisizokaribiana hata kidogo. Cha nne ni utafiti: je, inawezekana kujua nani alichora nini na lini, na je, mtafiti anaruhusiwa kuichapisha tena picha hiyo?

Kuhusu ruhusa, kanuni ya Marekani ni nyepesi kuikumbuka: kazi iliyochapishwa huko zaidi ya miaka 95 iliyopita haina tena hakimiliki. Puck yote imo ndani ya mpaka huo, pamoja na sehemu kubwa ya Judge na Life. MAD iko nje kabisa.

Puck (1877–1918)

*Wachoraji na uchapaji.* Joseph Keppler alizaliwa Vienna mwaka 1838, akahamia Marekani, na mwaka 1871 akaanzisha Puck kwa Kijerumani mjini St. Louis. Jaribio hilo halikudumu. Akahamia New York, akalianzisha upya kwa Kijerumani mwaka 1876, na Machi 1877 likatoka toleo la Kiingereza lililolipatia jarida umaarufu. Kila wiki msomaji aliyelipa senti 10 alipata katuni tatu kubwa: moja kwenye jalada la mbele, moja kwenye jalada la nyuma, na moja iliyotanda kurasa mbili za kati. Wakati ambapo magazeti mengine makubwa ya picha bado yalichonga michoro yao kwenye mbao na kuichapa kwa wino mweusi, Keppler alitumia litografia, yaani mchoro uliochorwa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe, kisha rangi moja baada ya nyingine zikapitishwa juu ya karatasi ileile.

Mbinu hiyo ina matokeo mawili kwa mkusanyaji. La kwanza ni kwamba jiwe lilisuguliwa na kutumika tena, hivyo mchoro wa asili wa katuni nyingi za Puck haupo popote, na karatasi iliyochapwa ndiyo kitu chenyewe. La pili linasaidia kutambua nakala za bandia. Ukiweka kioo cha kukuzia juu ya anga au juu ya koti la mwanasiasa katika Puck ya miaka ya 1880, utaona vitone visivyo na mpangilio, vingine vinene na vingine vyembamba, pamoja na mikwaruzo ya kalamu ya mafuta iliyoburutwa na mkono wa mtu. Chapa ya kisasa ya katuni hiyohiyo, hata ikitiwa rangi ya uzee, huonyesha vitone vya kipimo kimoja vilivyopangwa kwa safu zilizonyooka. Hakuna cheti cha muuzaji kinachokidhi mahitaji kama dakika moja ya kioo hicho.

Majina ni mengi. Keppler mwenyewe alichora "The Bosses of the Senate", iliyotoka Januari 23, 1889, ambamo matajiri wenye matumbo kama magunia ya fedha wamesimama nyuma ya maseneta wadogo, huku mlango wa wananchi ukiwa umefungwa. Bernhard Gillam alimchora James G. Blaine, mgombea wa chama cha Republican, katika kampeni ya urais ya 1884 akiwa amechorwa chale za kashfa zake mwili mzima. Frederick Burr Opper alikaa hapo tangu 1880 hadi 1899 kabla ya kwenda kwa Hearst, mwenye magazeti, na kuwa mmoja wa waasisi wa katuni za magazetini. Rose O'Neill, ambaye baadaye aliwabuni Kewpie, vitoto vya katuni vilivyogeuzwa wanasesere, ni miongoni mwa wanawake wachache waliopata nafasi ya kudumu humo.

*Karatasi na hali.* Kurasa hupimwa takriban sentimita 34 kwa 25, na tatizo kubwa liko katikati. Kwa miaka mingi wauzaji wameng'oa kurasa mbili za kati ili ziwekewe fremu, kwa hiyo nakala inayoonekana nzima kwa nje inaweza kuwa imepoteza kilicho bora kuliko vyote. Majuzuu yaliyojalidiwa na maktaba yana kasoro nyingine: mjalidi mara nyingi alipunguza kingo, na huenda saini ya mchoraji iliyokuwa pembeni ilikwenda na kisu.

*Upatikanaji.* Kurasa moja moja ni rahisi kupata kuliko matoleo kamili. Mwenye kutaka picha ukutani atatosheka na ukurasa, lakini mwenye kutaka kuelewa jarida atahitaji toleo zima pamoja na matangazo yake ya sabuni na dawa za tumbo.

*Utafiti.* Hapa Puck iko mbele ya wenzake. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni idadi kubwa sana ya katuni zake, kila moja ikiwa na tarehe, jina la mchoraji na maelezo ya kinachoonekana. Tahadhari moja tu: Keppler alifariki mwaka 1894, na mwanawe Udo akachukua jina la baba, hivyo katuni yenye saini ya Keppler baada ya mwaka huo ni ya mtoto. Wauzaji wengi hawalijui hili, au hujifanya hawalijui. Jengo la Puck, likiwa na sanamu ya kijana mwenye kofia ndefu na kioo mkononi, bado lipo kwenye makutano ya barabara za Lafayette na Houston mjini New York.

*Linamfaa nani.* Linamfaa anayependa rangi na siasa, na aliye tayari kusoma historia kabla ya kucheka. Asiyejua Blaine alikuwa nani ataona mtu mnene mwenye chale, basi.

Judge (1881–1947)

*Wachoraji na uchapaji.* Judge lilizaliwa kutokana na ugomvi. James Albert Wales, mchoraji wa Puck, aliondoka na wenzake wakaanzisha jarida lao mwishoni mwa Oktoba 1881, na kwa miaka michache lilichechemea. Mwaka 1885 lilinunuliwa na William J. Arkell, ambaye aliwavuta kutoka Puck Bernhard Gillam na Eugene Zimmerman aliyejulikana kwa saini ya Zim, akalifanya kuwa sauti ya chama cha Republican wakati Puck ikiegemea Democratic. Ni kichekesho cha pekee kwamba Gillam yuleyule aliyemvua nguo Blaine kwa ajili ya Puck ndiye aliyekuja kukichorea chama cha Blaine.

Thamani ya Judge haiko katika picha moja maarufu. Iko katika watu waliopita humo. Harold Ross alilihariri kwa muda mfupi mwaka 1924, na Februari mwaka uliofuata akatoa toleo la kwanza la jarida la The New Yorker. Theodor Geisel aliajiriwa mwaka 1927, na ni katika kurasa hizo ndipo alipoanza kutumia jina la Dr. Seuss, miaka kumi kabla ya kitabu chake cha kwanza cha watoto. Norman Anthony alilihariri, akaenda kulihariri Life, kisha mwaka 1931 akaanzisha Ballyhoo, jarida lililoyakejeli matangazo ya biashara na kutabiri mengi ambayo MAD ingekuja kuyafanya.

*Karatasi na hali.* Matoleo ya karne ya 19 yanafanana na Puck kwa ukubwa, kwa rangi na kwa kasoro. Yale ya miaka ya mwisho, wakati fedha zilipopungua na jarida likawa la kila mwezi, yana karatasi duni yenye asidi nyingi, inayogeuka rangi ya chai na kuvunjika pembeni ikifunuliwa kwa haraka.

*Upatikanaji.* Kwa ujumla toleo la kawaida la Judge hugharimu pungufu kuliko la Puck la kipindi hichohicho, isipokuwa pale wanapoingia wapenzi wa Dr. Seuss. Hata hivyo michoro ya Geisel mara nyingi iko ndani na si jaladani, na muuzaji asiyefunua kurasa huiuza bila kujua.

*Utafiti.* Ni mgumu zaidi, na kwa baadhi ya watu huo ndio utamu wake. Orodha za Judge hazijakamilika kama za Puck, hivyo mkusanyaji hulazimika kujijengea faharasa yake. Ndugu wawili wa Gillam huwasumbua wengi: Bernhard alifariki Januari 1896, na mdogo wake Victor alikuwa akitia saini ya "Victor" au "F. Victor" ili wasichanganywe, akaanza kutumia jina la Gillam baada ya kifo cha kaka yake. Kuhusu Zim, nyumba yake imehifadhiwa kama makumbusho mjini Horseheads, jimbo la New York, na kumbukumbu za Geisel ziko Chuo Kikuu cha California, San Diego.

*Linamfaa nani.* Linamfaa mwenye subira ya mpelelezi, anayefurahia kufungua toleo lisilojulikana na kukuta jina kubwa likiwa bado dogo.

Life (1883–1936)

*Wachoraji na uchapaji.* Toleo la kwanza lilitoka Januari 4, 1883. Mwanzilishi, John Ames Mitchell, alikuwa amesomea usanifu wa majengo na sanaa ya uchoraji mjini Paris, na alitaka jarida ambalo mstari wa kalamu ungemfikia msomaji jinsi ulivyotoka mkononi. Uchapaji mpya wa bamba za zinki ulimwezesha kufanya hivyo, kwa kuwa haukuhitaji mchongaji wa mbao kusimama kati ya mchoraji na karatasi. Matokeo yake ni jarida lisilo na kelele za rangi, ambalo nguvu yake iko katika wino mweusi na nafasi nyeupe.

Mwaka 1886 kijana Charles Dana Gibson aliliuzia mchoro wa mbwa kwa dola 4. Katika miaka ya 1890 msichana aliyemchora, mrefu, mwenye nywele zilizofungwa juu na macho yasiyomwomba mtu radhi, alikuwa ameshakuwa kigezo cha urembo cha nchi nzima, na mwaka 1920, baada ya kifo cha Mitchell, Gibson akaongoza ununuzi wa jarida lenyewe. Kutoka dola 4 hadi umiliki ni safari ambayo mkusanyaji anaweza kuifuata toleo kwa toleo. Majalada ya rangi ya karne ya 20 yana hadithi nyingine: Coles Phillips mwaka 1908 alianza kuchora wanawake ambao nguo zao zinamezwa na rangi ya nyuma, hivi kwamba jicho hulazimika kuukamilisha mwili usiochorwa, Norman Rockwell alianza kuchora majalada ya humo mwaka 1917, na John Held Jr. aliwapa miaka ya 1920 wasichana wake wembamba wenye nywele fupi na magoti wazi.

*Karatasi na hali.* Karatasi ya Life ya mwanzoni mwa karne ya 20 ni nzito na laini kuliko ya washindani, na huvumilia vizuri. Inayoteseka ni majalada, kwani yenye majina ya Rockwell, Phillips na Held hung'olewa na kuuzwa peke yake. Nakala isiyo na jalada huwa nafuu sana, na kwa mtafiti wa michoro ya ndani ni fursa nzuri.

*Upatikanaji.* Matoleo ya kawaida yapo kwa wingi, na kwa maoni yangu katika majarida matatu ya mwanzo ndilo rahisi kuanza nalo bila kuumia mfukoni, mradi mtu asikimbizane na majalada ya watu maarufu.

*Utafiti.* Kwa kuwa michoro ilitengenezwa kwa wino juu ya karatasi, mingi ya asili imebaki, na Maktaba ya Bunge ina michoro ya Gibson ambayo inaweza kulinganishwa na ilivyochapwa. Ni nadra mtafiti kupata nafasi hiyo kwa Puck. Rea Irvin, aliyechora jalada la kwanza la The New Yorker, alikuwa mhariri wa sanaa wa Life, kwa hiyo anayetafuta chimbuko la jarida hilo hawezi kuikwepa Life. Kwa upande mwingine, Life ya Mitchell ilirudia mara kwa mara kuwadhalilisha Wayahudi, na mtafiti asiyelitaja hilo anaandika nusu ya historia.

*Linamfaa nani.* Linamfaa anayechora mwenyewe, anayetaka kujifunza mstari, na anayependa mavazi na desturi za jamii kuliko mapambano ya vyama.

MAD (tangu 1952)

*Wachoraji na uchapaji.* MAD lilianza mwaka 1952 kama kitabu cha katuni cha rangi cha senti 10, likitolewa na William Gaines na kuhaririwa na Harvey Kurtzman, likiwa na michoro ya Will Elder, Wally Wood, Jack Davis na John Severin. Matoleo 23 ya mwanzo yalikuwa hivyo. Namba 24, ya Julai 1955, iligeuka kuwa jarida la rangi nyeusi na nyeupe la senti 25, na kwa kugeuka hivyo likawa nje ya kanuni za udhibiti zilizokuwa zinavibana vitabu vya katuni. Kurtzman aliondoka mwaka 1956, Al Feldstein akashika usukani hadi 1985, na namba 30 ikamweka jaladani Alfred E. Neuman, mvulana mwenye pengo la jino, aliyechorwa na Norman Mingo.

Wachoraji wa MAD walikaa, na katika hili jarida hilo linatofautiana na mengine yote. Al Jaffee, Mort Drucker, Don Martin, Dave Berg na Sergio Aragonés walirudi toleo baada ya toleo kwa miongo, na msomaji aliwazoea kama majirani. Antonio Prohías, aliyekimbia Cuba, alianza hadithi ya wapelelezi wawili, mweupe na mweusi, katika namba 60 ya mwaka 1961, na jina lake aliliandika juu ya kila hadithi kwa vitone na vistari vya Morse, alfabeti ya telegrafu. Aragonés alichora vikatuni vidogo mno pembezoni mwa kurasa, na anayesoma kwa haraka huvipita.

*Karatasi na hali.* Karatasi ni ya bei nafuu, pini za stepla hushika kutu, na migongo huchanika. Lakini kipimo cha pekee cha MAD kiko ndani ya jalada la nyuma. Kuanzia namba 86 ya Aprili 1964, Jaffee alichora pale picha iliyoulizwa swali, na msomaji akikunja ukurasa mara mbili ili alama A ikutane na B, picha nyingine kabisa hujitokeza ikiwa na jibu. Nakala iliyokunjwa hupungua thamani. Kwa hiyo mtoto aliyeisoma kama ilivyokusudiwa ameiharibu kwa mkusanyaji, na aliyeinunua bila kukunja ameihifadhi bila kuisoma. Matoleo maalumu ya mwaka yana mtego mwingine, kwani yalibeba zawadi kama stika, mabango na santuri nyembamba, na yasipokuwa nazo hayahesabiwi kuwa kamili.

*Upatikanaji.* Miaka ya 1970 ya mwanzo MAD liliuza zaidi ya nakala milioni mbili kwa toleo, ndiyo maana matoleo ya kipindi hicho hayana uhaba na hayana bei ya kutisha. Matoleo 23 ya mwanzo ni habari nyingine, na toleo la kwanza likiwa katika hali nzuri si la anayeanza.

*Utafiti.* Kazi nyingi zina majina ya waliozifanya, kwa hiyo kutambua mchoraji si tatizo. Gaines alitunza michoro ya asili badala ya kuitupa kama walivyofanya wachapishaji wengi, na minada iliyoitawanya imeacha kumbukumbu zenye picha nzuri. Kumbukumbu za Jaffee zipo Chuo Kikuu cha Columbia. Kizuizi ni hakimiliki: MAD ni mali ya kampuni ya DC, na anayetaka kuchapisha picha nzima lazima aombe ruhusa.

*Linamfaa nani.* Linamfaa anayetaka kucheka leo bila kamusi ya siasa za kale, na anayependa kufuata namba moja baada ya nyingine.

Njia ya pembeni: majarida matatu ya Kurtzman

Baada ya kuondoka MAD, Kurtzman alihariri Trump kwa fedha za Hugh Hefner, mwenye jarida la Playboy, matoleo 2 mwaka 1957; Humbug, ambalo wachoraji wenyewe walikuwa na hisa, matoleo 11 kati ya 1957 na 1958; na Help! la mchapishaji James Warren, matoleo 26 kati ya 1960 na 1965. Jumla ni 39. Kwa mtu anayetaka kukamilisha kitu na kukifunga, sijui mradi mzuri kuliko huu. Help! pekee ilimwajiri Terry Gilliam, mwongozaji filamu wa baadaye, akiwa kijana, na ilichapisha kazi za mapema za wachoraji Robert Crumb na Gilbert Shelton.

Swali moja, majarida matatu

Nirudi kwenye kufuata swali badala ya jina, kwa mfano unaomgusa msomaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1899, baada ya Marekani kuzitwaa Ufilipino na Puerto Rico, Louis Dalrymple alichora katika Puck ya Januari 25 "School Begins": Mjomba Sam, mzee anayewakilisha Marekani, akiwa mwalimu mbele ya watoto wanne weusi wanaonuna, ambao ndio makoloni mapya, huku mtoto Mwafrika Mmarekani akifuta dirisha na Mhindi Mwekundu akisoma kitabu kilichopinduliwa. Katika Judge ya Aprili 1 mwaka huohuo Victor Gillam alimchora Mwingereza na Mjomba Sam wakipanda mlima wa mawe wakiwa wamebeba mgongoni vikapu vya watu wa mabara mengine, kuelekea ustaarabu unaong'aa kileleni. Kisha Life ya Mei 22, 1902 ikaja na jalada la William H. Walker: askari wa Kimarekani wanammiminia maji kinywani mfungwa wa Kifilipino, na nyuma yao wakoloni wa Ulaya wanacheka kwamba sasa Wamarekani hawana tena haki ya kuwarushia mawe.

Ukiziweka nakala hizo tatu mezani, unapata mjadala ambao mfululizo kamili wa jarida moja haukupi. Ongeza "From the Cape to Cairo" ya Udo Keppler, Puck ya Desemba 10, 1902, ambamo Uingereza inawakanyagia njia Waafrika kwa bendera iliyoandikwa ustaarabu, kisha katuni za safari ya Theodore Roosevelt aliyeteremka Mombasa Aprili 1909 na bunduki zake, na tayari kuna utafiti wa maana juu ya namna wachekeshaji wa New York walivyoitazama pwani hii na bara lake.

Picha hizo zinadhalilisha, na hakuna haja ya kulizunguka hilo. Zim na Opper, mahodari kama walivyokuwa, walijipatia riziki kwa sehemu kubwa kwa kuwachora Waafrika, Waayalandi, Wayahudi na Wachina kama vikaragosi. Anayekusanya ataamua mwenyewe aziweke wapi nyumbani na azionyeshe vipi, lakini akizitoa kwenye mkusanyo wake atakuwa amebakiwa na majarida ambayo hayakuwahi kuwepo.

Uchague nini, kulingana na hali yako

Kama unaishi pwani, iwe Tanga, Lamu au Muscat, hali ya hewa iamue sehemu ya uchaguzi. Unyevu wa pwani huila karatasi yenye asidi, kwa hiyo MAD za awali na Judge za mwisho zinataka mifuko ya poliesta, kadibodi isiyo na asidi nyuma yake, pakiti za kufyonza unyevu, na kulazwa kwenye sanduku mbali na ukuta wa nje. Mifuko ya plastiki laini ya dukani hutoa mvuke unaoharibu wino, na gundi ya selotepu haitoki tena. Life ya miaka ya 1900 na 1910 haitakusumbua kama hizo.

Kama wewe ni mwanafunzi au mwandishi na unahitaji picha za kuchapisha, anza na Puck kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge, kisha majuzuu ya Puck, Judge na Life yaliyoskaniwa kwenye HathiTrust, maktaba ya mtandaoni, bila kununua chochote. Ukiwa Marekani, panga safari ya Columbus, Ohio, kwenye Maktaba na Makumbusho ya Katuni ya Billy Ireland, ambako matoleo ya karatasi na michoro ya asili vinaweza kuangaliwa pamoja.

Kama unachora, Life. Kama unapenda siasa na rangi, Puck. Kama unafuata mtu mmoja, usichague jarida kabisa: andika orodha ya miaka yake na mahali alipofanya kazi, halafu nunua kwa mpangilio huo, hata kama rafu itakuwa na majina matano tofauti. Kama unanunua kwa ajili ya watoto nyumbani, MAD za miaka ya 1970 zilizokwishakunjwa ndizo bora, kwa sababu ni nafuu na hakuna atakayegombezwa akizikunja tena.

Na kama bajeti inatosha toleo moja tu la Puck au Judge, kabla hujalipa mwombe muuzaji picha nne: jalada la mbele, jalada la nyuma, kurasa mbili za kati zikiwa zimefunuliwa na pini au uzi ukionekana, na kona ambayo saini ya mchoraji inapaswa kuwepo. Akikosa ya tatu, nunua kwa mwingine.